Karatu, mji ambako kompyuta kuukuu hupewa nafasi ya pili

Ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro, unaiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, unapita Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu, kisha gari linaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa Manyara linabaki chini, upande wa kushoto. Ukifika juu, hewa inabadilika na udongo unakuwa mwekundu. Unapita Rhotia, na muda si mrefu uko Karatu.

Watalii wengi wanaijua Karatu kama mahali pa kujaza mafuta, kulala usiku mmoja na kuamka alfajiri kuwahi lango la Lodoare. Ni mji mzuri kuliko wanavyoupa nafasi. Sokoni utamsikia Mwiraqw akipatana bei na Mmasai, Mbarbaig akimuuliza njia Mchaga mwenye duka, na ukishuka hadi Ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za vidoko. Wote hao wanaelewana kwa Kiswahili.

Mimi nilishuka Karatu kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nafuatilia jinsi zahanati za pembezoni zinavyotunza taarifa za wagonjwa, na kila niliyemuuliza kuhusu kompyuta alinijibu vilevile: "Wasubiri wale wa Jumamosi."

Wale wa Jumamosi hawana ofisi, hawana jina wala usajili. Ni watu kama kumi na wawili wanaokutana mara moja kwa mwezi, saa nane mchana, katika darasa la kuazima. Nilipofika nilikuta walimu wawili wa sekondari, fundi simu, dada mwenye steshenari, mhasibu wa saccos, kijana anayeongoza watalii na muuguzi mmoja aliyeteremka kutoka ndani ya hifadhi akiwa na laptopu kwenye mfuko wa kiroba. Kinachowakutanisha ni Linux.

Kwa msomaji ambaye jina hilo ni geni, nieleze kidogo. Kila kompyuta ina programu mama inayoamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Huo ndio mfumo endeshi. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, Windows, na fundi akiusakinisha tunasema "amepiga Windows". Linux ni mfumo mwingine. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Aliuweka wazi, na leo ni mali ya yeyote anayeutaka. Unaruhusiwa kuutumia bila kulipia leseni, kuunakili, kumpa jirani, hata kuubadilisha.

Moja ya matoleo yake yanayojulikana sana ni Ubuntu, lililotoka mwaka 2004 likiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Kati ya 2005 na 2011 waliokuwa wanaliomba waliletewa CD kwa posta bila malipo, popote walipo. Mwalimu mmoja pale darasani bado anayo ya kwake, ndani ya bahasha yake. Aliitoa akaipitisha mkono kwa mkono kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Kwamba jambo hili limeota mizizi Karatu si la kushangaza. Mwaka 2006 Mmarekani Janice Lathen alitembelea Shule ya Sekondari Banjika, hapa hapa Karatu. Safari ile ilizaa shirika la Powering Potential, ambalo limefunga maabara za kompyuta zinazotumia umeme jua katika shule za sekondari. Baadaye shirika hilo likachukua Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kitambulisho iliyoingia sokoni mwaka 2012. Kidude hicho hutumia Linux, na chenyewe hakimalizi wati 10, wakati kompyuta ya mezani ya kawaida inaweza kula mara kadhaa ya hapo. Kwa shule inayotegemea paneli na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama darasa zima litasoma au watoto wanne tu. Kumbe mwanafunzi wa Karatu anaweza kuwa amegusa Linux kabla ya kugusa Windows.

Na hata Kiswahili hakikuachwa nyuma. Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo kwa Kiswahili. Mhasibu wa saccos aliniambia kwamba baadhi ya maneno ya kompyuta anayotumia leo aliyakuta humo kwanza.

Ajenda ya kwanza siku ile ilikuwa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa walioingia kwenye mpango wa nyongeza. Windows 11 haikubali kompyuta nyingi za zamani. Sasa fikiria mji ambao laptopu nyingi ni za mitumba. Dada wa steshenari alisema wazi: "Wateja wangu wakiambiwa wanunue mpya, hawatanunua. Wataendelea na hiyo hiyo, mlango wazi."

Mlango wazi una gharama. Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kiliingia katika hospitali za umma za Uingereza kupitia kompyuta za Windows ambazo hazikuwa zimesasishwa. Miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Ikiwa Uingereza ilitikisika hivyo, zahanati yenye laptopu moja ijiulize.

Hapo ndipo muuguzi aliposimama. Alisimulia kwamba zahanati yao hujaza vitabu vya MTUHA kwa mkono. Kitabu namba 6 ni cha wajawazito. Lakini yeye alijitengenezea pia orodha kwenye laptopu: jina la mama, boma lake, mimba ina wiki ngapi, tarehe ya kurudi. Kila Jumatatu anaipanga kwa tarehe na kuona nani hakutokea, kisha anamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8. Mahali ambapo mama anatembea nusu siku kufika kliniki, bila orodha huwezi kujua nani anapotea.

Flashi moja iliyotoka kuchapishiwa fomu mjini ilirudi na kirusi, na orodha ikapotea. Laptopu ilikuwa na Windows ya kuchakachua, haijasasishwa tangu inunuliwe. Alikaa usiku tatu, tochi ya simu mkononi, akinakili upya kutoka kitabu namba 6. Katika siku hizo, akasema, mama mmoja aliyepaswa kufuatwa hakufuatwa. Alikuja mwenyewe baadaye, miguu imevimba, presha iko juu. Walimpeleka hospitali akapona yeye na mtoto. "Lakini ilikuwa bahati," alisema, "na kazi yangu si kubahatisha."

Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mjadala ukawaka.

Fundi simu alitaka Windows ifutwe yote siku ileile. Virusi vile vya flashi, alieleza, vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukivibeba kwenye Linux vinakaa tu kama mzigo. Mwalimu mwenye CD alimtuliza: Linux nayo ina udhaifu wake, nayo isiposasishwa inadhurika.

Mhasibu ndiye aliyeuliza swali lililonibaki kichwani. "Kaka, tuseme umemwekea. Mashine ikigoma saa mbili usiku na wewe uko Mang'ola kwenye vitunguu vyako, nani ataiamsha? Windows ina fundi kila kona. Hii ina sisi kumi na wawili."

Hakuna aliyembishia. Walikubaliana mambo matatu. Kwanza, kilichomo kihamishwe kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, na muuguzi mwenyewe ndiye aihamishe, maana majina ya wagonjwa si ya kuangaliwa na kila mtu. Walikumbushana kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Pili, mifumo yote miwili ikae kwenye mashine moja, achague anapoiwasha. Tatu, kanuni yao ya kila siku: mwenye kompyuta ndiye anayebonyeza.

Kanuni hiyo ya tatu niliipenda. Toleo jepesi la Linux lilikuwa tayari kwenye flashi. Mmoja wao alikuwa amelipakua kwa bando lake, nao hugawana kopi hiyo ili kila mtu asichome gigabaiti zake. Mwalimu alikaa pembeni, mikono nyuma, akisema tu: "Soma kilichoandikwa, dada. Unaelewa? Haya, amua." Pale alipoogopa, alingojewa. Ilichukua karibu saa mbili. Fundi angeweza kuimaliza kwa robo ya muda huo, lakini muuguzi angeondoka hajui kilichofanyika.

Kesho yake nilipanda naye. Dakika chache baada ya Karatu lami inaishia kwenye lango la Lodoare, na barabara inaingia msituni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa saa tatu asubuhi. Kule juu ukingoni, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ukungu ulifunguka kwa dakika chache na kreta ikaonekana: shimo la kina cha mita 600 hivi, upana karibu kilomita 20, na maji yaking'aa chini. Abiria walitoa simu. Muuguzi hakugeuka. Alikuwa ameikumbatia laptopu yake isigongwe na makorongo.

Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo ambalo watu na wanyamapori wanaishi pamoja, na tangu 1979 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ni rahisi mgeni kusahau nusu ya kwanza ya mpango huo. Tuliteremka upande wa pili wa ukingo, tukawapita wachungaji wakiwa na ng'ombe na, mbali kidogo, pundamilia. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, safari ndefu kutoka huku. Karatasi ya majumuisho ya mwezi ikichelewa gari, imechelewa kweli.

Zahanatini aliiunganisha laptopu kwenye betri ya sola, akachagua Linux, akafungua orodha yake katika LibreOffice. Ilifunguka. Aliandika majumuisho ya mwezi na kuyatuma kwa intaneti ya simu, akiwa amesimama kwenye kichuguu penye mtandao. Takwimu kama hizo huishia kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao nao ni programu huria na hufunguliwa kwa kivinjari chochote. Kwa hiyo kwa kazi hiyo hakupoteza kitu kwa kubadili.

Printa ndiyo iliyogoma. Ni ya zamani, na Linux haikuitambua. Alijaribu mara tatu, kisha akatoa daftari, akaandika neno kwa neno ujumbe uliotokea kwenye skrini na tarehe. "Hii ni ya Jumamosi ijayo," alisema. Halafu akafungua kitabu namba 6 na kuanza kuandika kwa kalamu, kwa sababu kina mama watatu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi.

Kwa familia zenye laptopu ya zamani nyumbani, pengine ya kijana aliyeingia kidato cha kwanza, nimeondoka Karatu na ushauri huu. Kabla ya kukopa kununua mpya, hifadhini kwanza picha na nyaraka zenu mahali pengine. Kisha jaribuni Linux ikiwa kwenye flashi, bila kusakinisha. Matoleo mengi yanaruhusu hivyo na hayagusi kilichomo ndani. Angalieni kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Mashine dhaifu ipewe toleo jepesi. Kama kazi yenu inategemea programu inayotaka Windows pekee, bakini nayo, lakini iwe halali na isasishwe.

Na kabla ya yote hayo, tafuteni mtu wa karibu wa kumuuliza. Mhasibu alikuwa sahihi: leseni ya Linux haina bei, lakini matunzo yake yanadai muda wa watu. Karatu wanalipa deni hilo kwa mchana mmoja kila mwezi. Muuguzi anataka mwezi ujao aje na mwenzake wa zamu, ili zahanati isiwe na mtu mmoja tu anayejua kuiamsha mashine.