Ndege Mkubwa, Ndege Kubwa

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba neno ndege lina nyuso mbili. Tukisema ndege mkubwa ametua, tunamtaja kiumbe mwenye uhai, mabawa na manyoya. Tukisema ndege kubwa imetua, tunataja chombo cha usafiri. Tofauti imo katika upatanisho wa kisarufi tu. Nami nakiri mbele yenu, wasomaji wa jarida hili, kwamba upatanisho huo uliwahi kunifanya nimvunjie heshima nyanya yangu bila yeye kujua. Kulirekebisha kosa hilo kulinichukua miaka saba, pamoja na miezi minne ya kuunganisha vipande vya plastiki kwa gundi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza tulipotumwa nyanjani kukusanya tungo za fasihi simulizi. Nilikwenda kwa Dani, maana ndivyo sisi wajukuu tunavyomwita mama mzaa baba, kijijini kwake kando ya Ghuba ya Winam, si mbali na mji wa Kisumu. Mimi nimezaliwa na kulelewa Nakuru, na Kijaluo changu ni cha kuombea maji tu. Kwa hivyo Dani hunihurumia akazungumza nami kwa Kiswahili, Kiswahili cha kando ya ziwa ambacho hakijali sana ngeli. Jioni moja, tukibambua mahindi, alinisimulia haya:

"Zamani, kabla vijana hawajapelekwa vita ya Wazungu, ndege mkubwa alikuwa anakuja hapa kwa ziwa. Anakaa kwa maji kama bata. Tumbo yake inaingia ndani ya maji. Halafu mlango inafunguka kwa tumbo, watu wanatoka, wazima kabisa. Wengine wanaingia. Anapiga kelele, anakimbia juu ya maji, anaenda."

Moyo ulinidunda kwa furaha. Ndege anayemeza watu na kuwatapika wakiwa hai! Sote tulikuwa tumefundishwa kuhusu zimwi linalomeza kijiji kizima, kisha tumbo lake likapasuliwa na watu wakatoka salama. Hapa nilikuwa nimepata zimwi la majini, tena kutoka kinywani mwa nyanya yangu mwenyewe. Nilirudi chuoni, nikayanakili masimulizi yale kwa uangalifu wa mwanafunzi anayetafuta alama. Nikasahihisha "tumbo yake" kuwa "tumbo lake", na "mlango inafunguka" kuwa "mlango unafunguka". "Ndege mkubwa" nikaliacha kama lilivyokuwa, maadamu kwa mara hiyo moja Dani alionekana kupatia sarufi. Nikaupa utungo anwani "Ndege Aliyemeza Watu", nikauweka katika kundi la ngano za mazimwi.

Nilipata alama nzuri. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ule ulikuwa mfano adimu. Nilipompigia Dani simu kumweleza kuwa hadithi yake imefaulu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini hiyo si hadithi. Baba yangu ndiye alikuwa anashika kamba yake." Mnajua nilifanya nini na kauli hiyo? Niliiongeza kwenye daftari langu, chini ya mbinu za mtambaji, nikaeleza kwamba mtambaji hodari hudai kuwa yeye au jamaa yake alishuhudia tukio ili kuiaminisha hadhira.

Miaka ikapita. Nilipoanza masomo ya uzamili, siku moja nilikuwa maktabani nikipekua kitabu cha historia ya usafiri, nikitafuta jambo jingine kabisa. Nikafungua ukurasa wenye picha, nikapigwa na butwaa. Kilikuwa chombo kikubwa chenye mabawa na injini nne, kimekaa juu ya maji kama bata, tumbo lake limezama nusu. Mlango ulikuwa wazi ubavuni, na motaboti ilikuwa imesimama kando yake. Niliyasoma maelezo mara mbili. Miongoni mwa vituo vyake, Kisumu ilitajwa.

Mwaka 1937, kampuni ya Imperial Airways ilianza kusafirisha barua na abiria kwa ndege za majini kutoka Southampton, Uingereza, hadi Durban, Afrika Kusini. Njia yenyewe ilifuata Mto Nile, ikafika Port Bell kule Uganda, kisha Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuendelea kusini. Ndege hizo zilijengwa na kampuni ya Short Brothers mjini Rochester, na ya kwanza, iliyopewa jina Canopus, iliruka mwaka 1936. Hazikuwa na magurudumu ya kutulia. Kiwiliwili chenyewe ndicho kilichokuwa mashua. Mahali palipokuwa na ziwa, mto au ghuba tulivu, hapo ndipo palipokuwa na uwanja. Ziwa letu, basi, lilikuwa uwanja wa ndege, na abiria walitoka tumboni wakiwa wazima kabisa, kama alivyosema Dani.

Nilisoma zaidi, nikaona jinsi ukweli wa ndege hizo ulivyofanana na ngano. Tarehe 14 Machi 1939, mojawapo yazo, Corsair, iliondoka Port Bell kuelekea Juba, ikapotea njia na kutua kwenye mto mwembamba wa Dungu, katika Kongo ya Wabelgiji. Ikagonga mwamba. Mafundi waliitengeneza pale pale msituni, na jaribio la kwanza la kuiondoa likashindikana. Mwishowe likajengwa bwawa ili maji yapande, na Januari 1940 ndege ikaruka. Watu waliziba mto ili ndege ipate kuondoka! Laiti ningesimuliwa hayo na mzee wa Dungu nikiwa mwaka wa pili, naapa ningeyatia katika kundi moja na zimwi langu.

Tangu siku ile ya maktaba sikuwa na raha. Kumpigia Dani simu na kusema samahani kuliniona kuwa jambo dogo mno. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu wa uzee, na picha ya kitabuni isingemfaa. Ndipo siku moja, katika soko la mitumba jijini Nairobi, nikakuta kwenye rundo la vinyago vya watoto sanduku la Airfix lenye vipande vya kuundia ndege ya majini. Haikuwa ile ya Imperial Airways. Ilikuwa Sunderland, ndege ya kivita iliyojengwa na kampuni ile ile ya Short Brothers, ikaruka mara ya kwanza Oktoba 1937, ikatumiwa kuwinda nyambizi. Ni ndugu wa tumbo moja. Nikajiambia kwamba mkono wa bibi kizee hautatofautisha ndugu na ndugu.

Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 72. Ndege halisi ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 34 na zaidi. Yangu ingekaribia sentimita 48. Vipande vilikuwa vimeshikamana na vijiti vya plastiki kama matunda mtini. Unakata kimoja kimoja, unakisugua kwa msasa, unakijaribisha mahali pake kabla ya kupaka gundi. Gundi yenyewe haigandishi kama ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja, na ukikosea, kosa lako limeungana na ndege. Kielea kimoja cha bawa hakikuwamo sandukuni, nikakichonga kutoka katika ubao mwepesi wa kasha la matunda.

Nilijifunza mengi kwa vidole ambavyo hadi wakati huo vilizoea kalamu tu. Niligundua kwamba chini ya tumbo pana mkato kama ngazi. Nikauliza maktaba, nikajibiwa. Maji hung'ang'ania kitu kinachoteleza juu yake, na bila ngazi ile ndege ingekimbia ziwani isiweze kujibandua. Ngazi huvunja mshiko wa maji. Dani alikuwa amesema, "anakimbia juu ya maji, anaenda." Katika uchambuzi wangu wa zamani nilikuwa nimeiita mbio hiyo takriri ya kimatendo.

Nilipaka rangi ndani kabla ya kuunganisha pande mbili za kiwiliwili. Mwenzangu wa chumbani alicheka, akaniuliza nampakia nani rangi pasipoonekana. Sikuwa na jibu zuri. Nje, karatasi ya maelekezo iliagiza rangi za vita, lakini Dani alikuwa amewahi kuniambia kuwa ndege yake iling'aa hadi macho yakauma, na kabla ya vita zile za abiria zilikuwa za rangi ya fedha. Nikachagua fedha. Rangi hiyo haina huruma. Kila mkwaruzo, kila ufa usiojazwa vizuri, hujitokeza mara mbili. Niliifuta na kuipaka upya mara tatu.

Desemba nikaipeleka kijijini nikiwa nimeipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Nilimketisha Dani kivulini, nikamwekea mapajani.

"Dani, nimekuletea ndege yako."

Alipitisha vidole juu ya mabawa, akazihesabu injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akashuka tumboni, akaitambua ngazi. Kisha vidole vikafika puani, vikasimama. "Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, "hapa kuna nini?"

"Ni mahali pa bunduki, Dani."

"Yule wetu hakuwa na bunduki. Pua yake ilikuwa laini kama ya kamongo." Akaisukuma kidogo, bila hasira. "Huyu ni ndugu yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa mara ya pili nilikuwa nimemdhania kuwa hajui anachokisema, na kwa mara ya pili yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hapo nikamweleza yote: ile kazi ya mwaka wa pili, lile zimwi, wino mwekundu. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, mkono ukiwa bado juu ya ndege.

"Baba alimshika kamba wakati wote huo," alisema, "lakini hakuingia ndani. Hata siku moja. Alikuwa anatuambia angependa kujua tu ndani kuna nini."

Nikamweleza kama nilivyosoma. Kulikuwa na chumba cha kuvutia sigara, na jiko dogo. Kulikuwa na sebule yenye dirisha refu, ambapo abiria waliweza kusimama na kutazama nchi ikipita chini yao. Alisikiliza kama mtu anayepokea barua iliyochelewa sana. Nilipomaliza alisema, "Basi," akanirudishia ndege.

Nilirudi nayo Nairobi. Nilikata pua ile ya bunduki kwa wembe, nikajaza tundu kwa lipu laini, nikaisugua kwa msasa majuma mawili mpaka ikateleza, nikapaka fedha tena. Sasa imo juu ya kabati la Dani, na wageni huambiwa habari zake watake wasitake. Pamoja nayo nilimpelekea nakala mpya ya masimulizi yake, niliyomrekodi upya na kumsomea. Sikugusa ngeli hata moja. Nimeyatoa katika kundi la ngano, nikayatia katika masimulizi ya kihistoria, na jina la baba yake, mshika kamba, nimeliandika mwanzoni.

Wenzangu tunaokwenda nyanjani na vinasa sauti na madaftari, tuna ujuzi mwingi wa kupanga tungo katika tanzu. Ujuzi huo ni mzuri, nami bado nauhitaji kwa tasnifu yangu. Lakini mtambaji akisema kwamba hiyo si hadithi, tumwulize maswali mengine mawili matatu kabla hatujafunga daftari. Na anapotaja ndege, tumwulize kwa adabu: ndege yupi, au ndege ipi?