Kung'aa si Kulindwa

Wadau, wiki mbili hizi nimeweka pembeni habari za Bunge na bei ya mafuta, nimegeuka mwanafunzi wa rangi za magari. Chanzo ni Corolla ya Mzee. Aliinunua kwa kiinua mgongo chake, na sasa anataka kuiuza ili mdogo wangu amalizie ada ya chuo. Injini haina neno. Tatizo ni rangi. Dalali wa kwanza alilizunguka gari mara moja, akapitisha kidole juu ya rufu, akashusha bei kwa milioni nzima.

Haya, nikaenda madukani Kariakoo. Jamani, makopo ni mengi na kila moja linaahidi kung'arisha! Ukimwuliza muuzaji tofauti, anakwambia hili orijino, lile la kawaida. Ikabidi nifanye kile ninacholipwa kukifanya kazini, yaani kuuliza maswali mpaka watu wachoke.

Nilichoelewa ni hiki. Magari mengi tunayoendesha yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Ndilo linalong'aa, na ndilo linalobeba jua. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele. Sasa, polishi ina chembechembe za kusaga. Inaondoa mikwaruzo kwa kulipunguza tabaka hilo, haiongezi kitu. Anayepiga polishi kila mwezi akidhani analinda gari, analimaliza.

Kulinda ni kazi ya vitu vingine. Kuna nta, na maarufu zaidi ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inapendeza macho, ila kwa jua la Dar usiitegemee zaidi ya miezi miwili. Kuna silanti, iliyotengenezwa kiwandani, ambayo huvumilia miezi minne hadi sita. Halafu kuna seramiki, inayoshikamana na klia na kukaa mwaka au zaidi. Hiyo ni ghali, na lazima rangi iandaliwe kwanza, la sivyo unaifungia mikwaruzo chini yake.

Na vyote hivyo ni bure kama adui ni ndoo yako mwenyewe. Sabuni ya unga na ya vyombo huondoa nta uliyoilipia. Dodoki lililoanguka mchangani limeshakuwa msasa. Ukikaa karibu na bahari, suuza chumvi mara kwa mara. Na kunguru wetu hawa wakishusha mzigo wao kwenye boneti, usisubiri Jumamosi. Loweka kwa maji, ufute taratibu, maana ukikaukia juani unaacha alama kwenye klia.

Dalali wa pili alikuja na njia ya mkato. Kuna mafuta mazito ya kung'arisha, akasema, yanajaza mikwaruzo yote. Tunapaka asubuhi ya siku anayokuja mnunuzi, picha zinatoka safi, biashara imekwisha. Nikampelekea Mzee wazo hilo. Akauliza swali moja tu.

"Na mvua ikinyesha?"

"Yanaoshwa, Mzee."

"Basi huyo mtu atalikumbuka jina langu."

Mjadala ukafungwa. Kwa hiyo boneti na milango, ambako klia bado ipo, tumepiga polishi laini mara moja tu, kivulini, kisha silanti. Maji sasa yanateleza kwa matone. Rufu tumeiacha kama ilivyo. Klia imeshamenyuka, na hakuna kopo linalorudisha klia iliyokwisha. Dawa yake ni kupiga rangi upya, na pesa hiyo ndiyo ada yenyewe.

Tangazo nimeliandika mimi, na picha ya rufu nimeiweka ya kwanza. Simu zimepungua, sitawadanganya, na chuo kinafunguliwa hivi karibuni. Lakini wanaopiga sasa hawaulizi tunaficha nini, wanauliza bei ya mwisho.

Anayehitaji Corolla yenye rufu iliyopauka na mwenye gari mkweli, anajua pa kunipata.