Tulichokula Sisi

Kila tukitoka makaburini kumzika aliyefariki kwa saratani, wazee wenzangu hukaa kwenye kivuli na kuanza shutuma zilezile: chipsi, soda, kuku wa kisasa, dawa za kupulizia nyanya. Vijana wa leo wanajimaliza kwa midomo yao, wanasema. Sisi tulikula vya asili, saratani hatukuijua.

Umri wangu unaniruhusu kusema barazani bila kukatizwa, na kwa hili nakataa. Saratani ilituzika tangu utotoni, ila hapakuwa na daktari wa kututajia jina lake. Mtu akikonda mikono huku tumbo likijaa maji na macho yakigeuka manjano, ilisemwa karogwa. Mwingine alishindwa kumeza ugali, kisha uji, mwisho hata maji, ikasemwa kalishwa kitu kwenye pombe. Na mama aliyetokwa damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi hakusemwa kabisa. Alifungiwa ndani, wanawake wachache wakapokezana kumwogesha hadi siku yake ilipofika.

Nianze na ini, maana huku kwetu Dodoma ndiko tulikoumia zaidi. Tumekulia kwenye mahindi ya kihenge na ya darini. Mwaka ambao mvua ilichelewa kukatika, mahindi yalivunwa na unyevu wake, yakaanikwa kwenye udongo mtupu, yakarundikwa kabla hayajakauka, ukungu ukaingia. Mama zetu walichambua: safi ya ugali, yaliyobadilika rangi ya pombe na ya kuku. Hakuna aliyetupa. Nani angetupa nafaka na njaa anaikumbuka?

Kuvu ya aina ile hutoa sumu ambayo leo tunaiita sumukuvu. Huwezi kuiona wala kuionja, na moto wa jikoni hauimalizi, hata chungu kichemke kutwa. Ikiingia mwilini kwa wingi, huliangamiza ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, inaweza kuzaa saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Wataalamu waliigundua sumu hii baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Sisi tuliitambua kwa misiba. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu: Chemba, Kondoa, hadi Kiteto upande wa Manyara. Karibu watu 20 walikufa, watoto wakiwemo, na mahindi yaliyowaua yalilimwa na kuhifadhiwa nyumbani. Hayakutoka kiwandani. Kuvu nayo ni ya asili.

Ndiyo maana sifa tunazoupa unga wa dona huniacha na wasiwasi. Dona ni chakula chema mahindi yakiwa safi. Yakiwa na kuvu, sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye pumba na kiini, zile sehemu ambazo kukoboa huziondoa. Kabla ya kumsomea mjukuu faida za dona, tazama kwanza gunia lilikaa wapi.

Desturi nyingine nazipitia upesi. Watafiti waliopima chai ya maziwa kule Kilimanjaro waliona watu wakiinywa ingali juu ya nyuzijoto 65, kiwango ambacho mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema huenda kinachangia saratani ya umio, ugonjwa unaowaandama watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi duniani. Iache ipoe kidogo. Wenzetu wa Usukumani walioogelea malamboni walipata kichocho cha mkojo, na baadhi yao saratani ya kibofu ikafuata. Mama zetu walivuta moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu usichana. Ugoro na tumbaku ya kusokota tulivipokea kutoka kwa babu zetu na kuviita heshima ya uzee.

Vijana nao wana yao, na siwafichii. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini pombe yenyewe haijaadimika. Bodaboda inawapeleka hata dukani, unene unazidi, na unene una mkono wake katika saratani ya matiti na ya utumbo mpana. Lakini hawa wana kinga ambayo sisi hatukupata. Watoto wa nchi hii wanachanjwa homa ya ini B tangu mwaka 2002. Tangu 2018 wasichana wanachanjwa dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ugonjwa unaoongoza kwa kuwaua wanawake wetu kwa saratani. Sasa ni dozi moja tu, umri wa miaka 9 hadi 14, bila malipo.

Na anayemzuia binti asichanjwe mara nyingi ni mzee. Uvumi kwamba chanjo inaleta ugumba unazungumzwa barazani petu, kwa sauti zetu, na mama wa mtoto hathubutu kutubishia. Hilo linaniuma kuliko chipsi zote za mjini. Waliofungiwa ndani enzi zile walikuwa mama zetu na shangazi zetu. Tuliona walivyoteseka, halafu tunawapitisha wajukuu njia ileile kwa maneno ya kusikia.

Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano kabla mavuno hayajaanza, turubai za kuanikia na chanjo ya wasichana vizungumzwe siku moja, na wazee watangulie kusema. Siku wauguzi watakapofika shuleni, nimewaambia wenzangu twende pamoja, kila mmoja akiwa amemshika mkono mjukuu wake.