Njiti wako ameangaliwa macho? (Sehemu ya 6)

Mama wa njiti, leo ni zamu yako. Baba naye asome.

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mishipa ya damu ya retina, kule nyuma ya jicho, inakuwa haijamaliza kukua. Wengine inakaa sawa yenyewe. Kwa wengine inaota ovyo, inavuta retina mpaka inabanduka. Na wewe kwa nje unaona jicho zuri tu!

Oksijeni ikizidi inachangia. Miaka ya 1950 kule Washington, daktari Arnall Patz alilinganisha watoto waliopewa nyingi na waliopewa kidogo. Usiku baadhi ya wauguzi waliwafungulia zaidi wale wa kidogo, wakiona wananyimwa pumzi. Siwalaumu, hata mimi ningefungua. Kumbe waliopewa nyingi ndio walioumia macho zaidi. Ndiyo maana leo tunamfunga mtoto kile kipimo chenye taa nyekundu mguuni, tusizidishe wala tusipunguze.

Mimi kosa langu ni jingine. Kuna mama nilimruhusu, mtoto kafika kilo mbili, wodi nzima tunashangilia. Tarehe ya macho sikumwandikia. Alirudi mtoto ana miezi 5: “Sista, mbona haniangalii?” Daktari wa macho akasema tumechelewa.

Kipimo cha kwanza mara nyingi ni karibu wiki ya 4 baada ya kuzaliwa. Ikionekana mapema, kuna leza, kuna sindano. Hebu toa karatasi ya ruhusa uangalie. Tarehe ya macho haipo? Kesho asubuhi rudi uulize.