Kimya cha "Yeye"

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, serikali ilifunga shule. Kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Huko Mbagala, wilayani Temeke, mhadhiri mmoja alirejea nyumbani na rasimu ya makala aliyokusudia kuipeleka kwenye jarida.

Nyumba ikageuka darasa, zahanati na jiko. Watoto watatu walitaka kusomeshwa, mama mkwe alitaka kuchemshiwa nyungu ya kujifukiza, ndoo ya kunawia mlangoni ilitaka kujazwa. Mumewe, naye mhadhiri, aliingia chumbani akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Mlango ule ulijifunga wenyewe kwa mazoea. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, makala ya mume ilikuwa tayari. Ya mke ilikuwa imesimama ukurasa wa nne.

Kisa hiki kina ndugu zake ulimwenguni. Utafiti uliochapishwa mwaka huo huo katika jarida la eLife ulionyesha kwamba, katika makala za tiba kuhusu korona, uwiano wa wanawake walio waandishi wa kwanza ulikuwa chini kwa asilimia 19 ukilinganishwa na makala za mwaka 2019 za majarida yale yale. Watafiti wale walitambua jinsia kwa kuyatazama majina ya kwanza.

Kwetu hesabu hiyo ni ngumu. Marejeleo huandikwa jina la ukoo na herufi ya mwanzo tu, na herufi haivai kanga wala kanzu. Sarufi nayo husema "mwandishi amesema", na "a" hiyo ni ya wote. Kiswahili husifiwa kwa uungwana huo, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini anayetafsiri kutoka Kiingereza hujua kuna kitu hudondoka njiani: "yeye" akikosekana, hakuna atambuaye ni nani aliyekosekana.

Naam, mwaka 2020 ulituletea juzuu tatu za wasifu wa Mwalimu Nyerere, na ya kwanza ni ya Saida Yahya-Othman. Hata hivyo, kazi ile ilipandwa miaka mingi kabla ya maradhi. Na mavuno hayasemi neno juu ya mbegu isiyopata kupandwa.

Makala ya Mbagala ilitoka mwaka 2022. Chuoni ngazi hupandwa kwa machapisho, na kufikia hapo mume alikuwa ameshapanda. Wawili hao hutumia jina moja la ukoo, na herufi zao za mwanzo zinafanana. Mwanafunzi anayenukuu makala ya mwaka 2020 huandika "amesema" kwa heshima zote, asijue kwamba yupo mwingine, mwenye jina lile lile, ambaye mwaka huo alikuwa akichochea moto wa nyungu.