Mikono Miwili, Kazi Tatu

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo nilifundishwa nikiwa shule ya msingi, nami nilirudi nyumbani kwetu Ihembe nikiwa nimejaa hekima mpya, nikamkuta mama yangu ameshika matatu. Kizingitini palikuwa na ukili wa mkeka uliokunjwa. Juu ya kigoda palikuwa na kikapu kilichofika kimo cha vidole viwili. Ukutani lilining'inia sweta ambalo mikono yake ilikuwa haijafumwa bado.

Nikamwambia, "Mama, si ungemaliza moja kwanza?"

Akacheka. "Mwanangu, si mimi ninayechagua saa ya kazi. Kila kazi hunichagulia saa yake."

Wakati huo mkoa wetu ulikuwa na miaka michache tu tangu uitwe Kagera, kwani hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Karagwe ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na asubuhi zake zina baridi. Ni hali hiyo ya nchi iliyompangia mama ratiba yake. Chane za ukindu zikikauka mno hukatika, zikilowa mno huota ukungu. Kwa hiyo ukili aliusuka alfajiri, hewa ingali na unyevunyevu, kabla jua halijapanda na jembe halijamwita shambani. Kikapu kilikuwa kazi ya kutembea nayo. Bunda la nyasi huzungushwa duara juu ya duara, na kila duara hushonewa kwenye lile lililotangulia. Kazi ya namna hiyo huweza kusimama na kuendelea mahali popote. Alikwenda nacho kliniki, mkutanoni, na kule alikongoja zamu ya kupimisha kahawa. Kilikuwa kikapu cha mfuniko, cha kumkaribishia mgeni buni za kutafuna, kama ilivyo desturi ya kwetu. Ama sweta, hilo lilikuwa la usiku mbele ya kibatari, kwani vidole vyake vilijua kuhesabu vitanzi bila msaada mkubwa wa macho.

Nami nikaona fahari kumwiga. Nilianza kikapu, ukili na kofia ya sufu katika juma moja. Nilipochoka na hiki nilikitupa, nikakamata kile. Mvua za masika zilipokuja, chane zangu ziliota ukungu, panya wakaguguna nyasi za kikapu, na kofia ikafumuka kwa kuwa niliichomoa sindano katikati ya mstari. Nililia. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Hukushindwa kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Umeshindwa kwa sababu kila moja uliiacha njiani."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Hakuiweka kazi chini kabla duara au mstari haujatimia. Chane zilizobaki alizifunga fungu moja kwa ukubwa wake. Sindano aliichomeka mahali pa kuanzia kesho. Adabu hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa siri yake yote.

Baadaye nilijiunga na utumishi wa serikali, na mezani pangu majalada hayajapata kuwa matatu tu. Nakiri kwamba mara nyingi nimeisahau adabu ile, na wananchi wamerudi mara mbili kwa jambo lililostahili siku moja.

Mama alipofariki, tulikuta kazi tatu chumbani mwake. Ukili ulikuwa umefungwa pamoja na chane zake. Kikapu kilikuwa na sindano mwishoni mwa duara. Sweta la mjukuu wake lilikuwa na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, na juu yake tarakimu kwa penseli: vitanzi vingapi, mistari mingapi imebaki. Mkono ule wa kuandika aliupata katika kisomo cha watu wazima, kilichopata msukumo mkubwa nchini tangu 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Dada yangu aliumaliza mkeka. Mimi nilimaliza sweta na kikapu. Mtoto alilivaa sweta lile katika baridi ya Juni, na nilipolitazama niliona wazi mahali mkono wa mama ulipokoma na wangu ulipoanza, maana mimi hukaza uzi kuliko yeye. Lakini halikufumuka.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, wengi walidhani utamaduni ni ngoma na mavazi ya kale. Kwangu mimi utamaduni ni kazi tuliyoikuta mikononi mwa wengine, nao hawakupata kuimaliza. Enyi vijana, shikeni mawili, shikeni hata matatu, maadamu maisha yenyewe hayatupi moja moja. Ila kila mnapoweka kazi chini, ikamilisheni kwanza duara, mkaichomeke sindano mahali ambapo mwenzenu ataiona.