Hema na Madhabahu

Siku barua ya ajira ilipofika nyumbani kwetu Mbagala, hatukulala. Ilikuwa mwaka 2018, Serikali ikiendelea kuhamia Dodoma, na sisi tulikuwa tumeishi miaka mingi kwa mikataba ya muda: miezi sita, miezi mitatu, kisha kukaa tu. Sasa baba wa nyumba amepata kazi ya uhasibu huko Dodoma, ya kudumu, yenye bima ya afya kwa familia. Tulipiga magoti sebuleni tukamshukuru Mungu. Watoto walirukaruka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tunaandika sisi wawili, mke na mume, kwa sababu kosa tunalosimulia tulilifanya pamoja.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa kama sikukuu. Mama wa nyumba aliwamalizia wateja nguo zao, akaifunga cherehani yake kwa mablanketi. Watoto walichora njia kwenye daftari: Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma. Jumapili ya mwisho tulisimama mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Tulisema Bwana ametuita, nasi tunaondoka kama Abrahamu alivyoondoka Harani. Watu wakasema amina.

Bibi, mama mzaa baba, aliyekaa nasi tangu afiwe na mumewe, alikuwa benchi la pili. Hakusema amina. Jioni tukamwuliza kama ameanza kufunga vitu vyake. Akajibu kwa upole, "Wanangu, mmenihesabu kwenye Fuso, lakini hamjaniuliza."

Tulishangaa. Tulikuwa tumemwombea, tumempangia chumba, hata kitanda chake tumekipatia nafasi. Kumwuliza, kweli hatukuwa tumemwuliza. Bibi alikuwa na kaburi la mumewe analolitunza, kliniki ya presha aliyoizoea, na wanawake wenzake wa kanisani. Akahamia kwa binti yake, Kongowe. Alfajiri ya safari alikuja kutuwekea mikono kichwani akatuombea. Nasi tulifurahi njia nzima, hatutadanganya. Watoto walihesabu mibuyu mpaka wakasinzia.

Dodoma, Jumapili ya kwanza tulipanga vyombo. Ya pili tulitafuta mapazia. Ya tatu tulikuwa tumechoka. Miezi miwili ikapita hatujakanyaga kanisani. Ndipo Bibi akapiga simu.

"Mmeshapata kanisa?"

"Bado tunapanga vitu, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Mlijifananisha na Abrahamu. Yeye alipopiga hema karibu na Betheli, alijenga na madhabahu. Ninyi hema limesimama. Madhabahu iko wapi?"

Usiku ule tulifungua Mwanzo sura ya 12, tukasoma polepole. Tuliona aibu. Tulikuwa tumechukua safari ya Abrahamu tukaacha madhabahu yake. Tena tulikuwa tumeyaita matakwa yetu mwito wa Mungu, na ukishasema Mungu ameita, nani ndani ya nyumba atathubutu kusema hapana? Bibi peke yake alithubutu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Wageni walipoambiwa wasimame, tulisimama. Jumamosi yake jumuiya wakaja nyumbani na unga, mlenda na nyimbo. Mzee wa kanisa akauliza, "Tuwaombee nini?" Tulitazamana. Kazi tulikuwa nayo, nyumba tulikuwa nayo. Mtoto wetu wa mwisho akasema, "Bibi."

Wageni walipoondoka tulimpigia simu. Tulimwomba radhi, si kwa kuhama, bali kwa kumhamisha bila kumwuliza. Akasema, "Nilikwisha kuwasamehe asubuhi ile mliyoondoka. Sasa niulizeni." Tukamwuliza kama angependa kuja kuishi nasi. Akasema, "Hapana. Ila nitakuja kuwaona."

Alikuja, akakaa wiki tatu. Alizila zabibu za Dodoma kwa furaha, akalilalamikia vumbi, akaenda nasi jumuiyani, akarudi Kongowe. Sasa kila likizo sisi ndio tunaosafiri kwenda kwake. Si rahisi, na nauli ya watu watano si ndogo. Yeye anazidi kuzeeka, na simu ikilia usiku mioyo yetu inaruka. Hatukupata kila kitu.

Kazi ile bado tunaihesabu kuwa zawadi ya Mungu, wala hatujutii furaha tuliyokuwa nayo. Ila, ndugu msomaji, ukipata barua kama yetu, furahi, piga magoti, kisha kabla hujasimama mbele ya usharika kusema Bwana ameita, keti na kila mtu wa nyumbani mwako, umwulize naye amesikia nini. Na ukifika uendako, usingoje mapazia.